Furu wa Ziwa Letu, na Samaki Mwenye Jina la Mwalimu

Najua nimekaa kimya, na wengine mmepiga simu kuuliza kama blogu imefungwa. Haijafungwa jamani! Ni zamu za usiku tu, na baridi ya huku ambayo nimeshaieleza mpaka mmechoka kuisoma. Leo siongelei baridi. Leo nataka tuongee habari za samaki.

Kuna samaki mdogo wa Ziwa Victoria mwenye jina la Mwalimu Nyerere. Simaanishi jina la utani la mwaloni Kirumba. Ni jina lake la kisayansi, linalotumiwa na wataalamu wa dunia nzima: Pundamilia nyererei. Ukimlaza kwenye kiganja anaenea. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, tumbo jeusi, na mistari myeusi iliyosimama kama ya pundamilia. Jike hana makuu, rangi yake imefifia tu. Waliomwandika kitaalamu ni Waholanzi wawili, Witte-Maas na Witte, mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Mwaka 1998 wataalamu wakampeleka kwenye kundi jipya wakaliita Pundamilia, Kiswahili kitupu.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mwanza, lakini samaki huyu nilimwona mara ya kwanza hapa Uingereza, kwenye duka la samaki wa mapambo, anaogelea ndani ya tangi na bei imebandikwa kwenye kioo. Nikajiuliza, imekuwaje mtoto wa ziwani aje kutambulishwa kwa samaki wa kwao ughaibuni? Nimekuwa nikisoma habari zake siku zangu za mapumziko. Nawasimulia nilichopata, kwa sababu ni historia yetu, na shuleni sikuwahi kuisikia.

FURU NI NANI?

Huyo nyererei ni mmoja tu katika jamii kubwa ambayo wazee wetu waliiita furu. Wajaluo wanawaita fulu. Waganda wanawaita nkejje, na kuna ukoo mzima wa Buganda wenye mwiko wa samaki huyo. Kwa mvuvi furu ni furu: kasamaki kadogo kenye miba mingi, kanakoanikwa juani na kuliwa kazima. Kwa wataalamu, furu wa Ziwa Victoria ni zaidi ya aina 500, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Na kila aina ilikuwa na kazi yake. Wako waliokwangua mwani kwenye mawe. Wako waliokula tope la chini, waliokula wadudu, waliokula vijidudu vinavyoelea majini, waliokula samaki wenzao. Wako waliokula magamba ya wenzao. Wako waliokula konokono, wengine kwa kumvunja na gamba lake, wengine kwa kumvuta nje kabla hajajificha. (Mimi kama muuguzi hapo nilisimama kidogo, kwa kuwa konokono ndio wanaobeba kichocho, na kichocho pale kwetu sote tunakijua.) Kuna hata waliokuwa wakimbana mama mwenye mayai ya furu mwenzao mpaka ateme, wao wale. Maana mama furu hulelea mdomoni: akishataga huyakusanya mayai kinywani, na watoto wakishaanguliwa huendelea kuwahifadhi humo humo. Kwa hiyo hazai wengi kama samaki wa kutaga maelfu. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Cha kushangaza zaidi ni muda. Wataalamu waliochimba tope la chini ya ziwa waligundua kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka, likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Aina hizo zote zilitokea ndani ya muda huo, ambao kwa viumbe ni kama jana jioni. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kuzaa aina nyingi hivyo kwa kasi hiyo. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuangalia nyumbu wa Serengeti, wakati majini, kilomita chache tu kutoka hapo, palikuwa na ajabu isiyopungua ile.

NANI ALIMLETA SANGARA?

Hapa ndipo historia inapoanza kuuma.

Kabla ya wakoloni, samaki wa heshima ziwani alikuwa ngege. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega kutoka Ulaya upande wa Kisumu, zikawa zinavua kuliko mitego ya zamani, na ndani ya miaka michache ngege wakaanza kupungua. Serikali ya kikoloni ikamtuma mtaalamu, Michael Graham, aliyepima ziwa lote mwaka 1927 na 1928. Katika ripoti yake alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka ziwa jingine kungekuwa hatari kubwa, na kusifanyike bila utafiti wa kutosha. Onyo hilo liko kwenye karatasi tangu 1929.

Ngege wakaendelea kupungua. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi, hasa upande wa Uganda, wakaangalia ziwa wakaona limejaa furu. Kwao wale walikuwa samaki takataka, wadogo, wenye miba, wasio na soko. Hoja yao ilikuwa rahisi: tulete sangara, awale hawa wasio na maana, awageuze kuwa nyama nene ya kuuza, na Wazungu wapenda kuvua kwa ndoano wapate mchezo.

Wataalamu hawakukubaliana. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga wazo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba kila samaki akila mwenzake, sehemu kubwa ya chakula hupotea njiani, na kwamba hakuna aliyejua nini kingetokea kwa wale wadogo. Lakini wakati watu wanabishana kwenye majarida, sangara alikuwa ameshamwagwa majini kimya kimya. Mwaka huo huo wa 1960 wavuvi walianza kumpata upande wa Uganda. Kuanzia 1962 wakapandikizwa wengine rasmi, maana kama kosa limeshafanyika, wenye mamlaka waliona bora waliendeleze.

Kwa miaka kama 20 hakuna kikubwa kilichoonekana. Upimaji wa ziwa zima wa mwaka 1969 hadi 1971 ulikuta furu ni karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya maji. Walikuwa wengi kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1970 pale Mwanza kilijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Jina la takataka lilikuwa bado linawafuata.

MIAKA KUMI TU

Halafu sangara akalipuka. Kwanza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha Uganda, kisha kwetu, Ghuba ya Mwanza, kuanzia mwaka 1983 hivi. Samaki anayeweza kufika mita mbili na kilo 200 alikuwa amekuta meza imeandaliwa. Na wale mama furu wa kulelea mdomoni, wenye watoto wachache wachache, hawakuweza kuzaa haraka ya kumshinda mdomo wake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 furu walikuwa hawafiki hata asilimia 1 ya samaki waliovuliwa.

Haya yote yalishuhudiwa. Kuanzia 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilikuwa Mwanza kuchunguza furu, pamoja na watafiti wa Kitanzania. Walikuja kuhesabu aina, wakajikuta wanahesabu mazishi. Frans Witte na wenzake waliandika mwaka 1992 kwamba kiasi cha aina 200 zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni kutoweka.

Sasa ngoja niseme ukweli wa upande wa pili, maana najua wajomba zangu wa Kirumba mmeshaanza kukunja uso. Sangara ndiye aliyetulea. Baba alifanya kazi kiwanda cha minofu miaka ya 1990. Mabati ya nyumba yetu ni sangara, ada yangu ya sekondari ni sangara, na hata hiki cheti cha shahada ya uuguzi kilichonileta huku mwanzo wake ni minofu iliyopandishwa ndege kuja Ulaya. Masoko ya Ulaya yalipofungwa kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza kwa hofu ya kipindupindu, halafu mwaka 1999 kwa sababu ya waliovua kwa sumu, baba alikaa nyumbani, na mtaa mzima ulikonda. Siwezi kumtukana sangara nikiwa nimeshiba kwa ajili yake.

Lakini hesabu nzima lazima iwe na safu mbili. Minofu ilikwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mgongo vilivyokaangwa. Furu bibi alimwanika juani bure. Sangara ana mafuta, hakaukii juani, anataka moto, na moto unataka kuni, na kuni ni miti ya vilima vyetu. Furu alivuliwa karibu na ufuko kwa chombo kidogo. Sangara alitaka mtumbwi mkubwa, injini na nyavu za bei, vitu vya mwenye mtaji. Na kwa jicho la kazi yangu naongeza hili: samaki mdogo anayeliwa mzima na miba yake humpa mtoto madini ya mifupa ambayo kipande cha mnofu hakimpi. Yule aliyeitwa takataka alikuwa dawa kwenye sahani ya mtoto.

MAJI YALIYOPOTEZA RANGI

Sangara hakufanya kazi hii peke yake, na hapa narudi kwa yule mwenye jina la Mwalimu.

Nyererei anaishi kwenye visiwa vya mawe, kama Makobe, ambako sangara hamfikii kirahisi kwa sababu ya mapango na nyufa. Ana ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu. Majike ya aina hizi mbili yanafanana mno. Kinachozitenganisha hasa ni chaguo la jike: wa nyererei anamtaka mwekundu, wa pundamilia anamtaka wa bluu. Wakichanganyika, watoto wao wanaishi na wanazaa vizuri tu.

Sasa ili jike achague rangi, lazima aione. Miaka hiyo hiyo ziwa lilikuwa linachafuka. Misitu ilikatwa, udongo wa mashamba ukasombwa na mvua, maji taka ya miji yakaingia, mwani ukastawi, na maji yakawa mazito. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha walichokikuta upande wetu wa ziwa: penye maji maangavu aina ni nyingi na rangi zinang'aa, penye maji ya tope aina ni chache na rangi zimefifia. Makobe kwenye maji maangavu unapata wekundu na wa bluu, kila mmoja na lake. Ukiingia ndani ya ghuba kwenye tope zito, unakuta samaki wa katikati tu, si mwekundu si wa bluu. Kwenye maabara walipowasha taa inayoficha tofauti ya rangi hizo, majike yaliacha kuchagua, yakaenda kwa yeyote.

Nilisoma hilo usiku mmoja nikarudia tena. Kwamba aina ya kiumbe inaweza kutoweka bila kuliwa na mtu, bila ugonjwa, kwa sababu tu maji yamechafuka na mama hawezi kuona anaolewa na nani!

WALIOKUFA BILA JALADA

Kazini kwetu kuna kanuni moja kali: kisichoandikwa kwenye jalada la mgonjwa kinahesabiwa hakikufanyika. Hata kama umemgeuza mgonjwa kila saa mbili usiku kucha, usipoandika, hukumgeuza.

Furu wengi walikufa bila jalada. Aina ya kwanza iliandikwa Berlin mwaka 1888. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja miaka ya 1950 kisha makumbusho ya hapa London, aliandika nyingi sana, na mpaka leo Makumbusho ya Historia ya Asili yana furu wa ziwa letu ndani ya chupa za dawa ya kuhifadhia. Lakini watafiti wa Mwanza walipoanza kuvuta nyavu mwaka 1977 waligundua kwamba nyingi hazijaandikwa kabisa. Wakawa wanazipa majina ya muda ili wapate kuzitenganisha. Kabla hawajafika katikati ya orodha, sangara alifika. Ziko aina zilizotoweka zikiwa na jina la utani tu kwenye daftari la mtu. Na bila shaka ziko ambazo hata hilo hazikupata.

WALIOBAKI

Msikate tamaa, maana wapo. Miaka ya 1990 sangara alipovuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu walirudi, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea. Na hawakurudi kama walivyoondoka. Watafiti walipolinganisha furu waliorudi na wale wa zamani walikuta mashavu yao ya kupumulia yamekuwa makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni kidogo, na chakula chao kimebadilika. Yote ndani ya miaka 20! Wagonjwa wangu wa mapafu wangepewa bahati hiyo wangeshukuru.

Wengine wamejificha kwenye visiwa vya mawe, na wengine kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya. Wengine wanatunzwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, vizazi na vizazi visivyowahi kuliona ziwa. Huyo wa tangini simhesabu kuwa ameokoka. Ni kama mimi na pasipoti yangu, tupo, lakini kwetu ni kwingine.

Na hatari haijapita. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, lilitoa tathmini ya bonde zima la Ziwa Victoria: asilimia 76 ya viumbe wa maji baridi wasiopatikana kwingine duniani wako katika hatari ya kutoweka.

Mnisikilize vizuri, siandiki haya ili mtu mwenye watoto wanaolia njaa aambiwe asivue. Aliyemleta sangara hakuwa mvuvi wa Ukerewe, na hakuna mvuvi aliyeulizwa. Ninachoshika mimi ni neno lile, takataka. Ukishakiita kitu takataka, humhesabu anayekimaliza. Graham alionya, Fryer alionya, lakini walioamua walikuwa wanauchezea mali ambayo machoni pao haikuwa mali. Leo maneno hayo hayo nayasikia juu ya mafunjo ya ufukoni, eti ni magugu tu, yafyekwe pajengwe. Mafunjo ndiyo yanayochuja tope kabla halijafika ziwani, na ndiyo maficho ya samaki wadogo. Nayasikia pia juu ya kokoro linalozoa kila kitu kwenye mazalia, eti hao ni vitoto tu.

Nina ombi moja kwa wadogo zangu. Nilipompigia bibi kumuuliza habari za furu, alianza kunitajia majina ya Kikerewe, huyu wa mawe, huyu wa mchanga, huyu mchungu asiyeliwa na mwari, mpaka muda wa maongezi ukaisha. Sikujua kama anayajua. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Mkienda Nansio sikukuu hii, kaeni naye na simu iwe inarekodi, mumuulize jina moja moja: alikuwa na rangi gani, alivuliwa wapi, mwezi gani, alipikwaje. Muandike na tarehe. Ana miaka zaidi ya 80, na baadhi ya samaki anaowataja huenda hawapo tena popote isipokuwa kichwani mwake.

Mnisalimie wote. Mama, pesa ya dawa nimetuma jana, angalia simu yako.

Wasalaam.